Ufanisi wa Mwanga katika Mitambo ya Litografia Itumiayo LED: Maelezo kwa Mifano ya Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili na kwa mifano inayoeleweka kusini mwa Maniema, jambo moja la kiufundi ambalo wanafunzi wengi hulipata kwa Kiingereza au kwa Kifaransa tu. Jambo hilo ni namna ya kuongeza ufanisi wa mwanga katika mitambo ya litografia ambayo taa zake ni diodi zitoazo mwanga, yaani zile zinazojulikana kote kwa jina la LED. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini Kasongo na Kabambare zihusishwe na mitambo ya namna hiyo. Sababu ni mbili. Kwanza, dhahabu na bati, madini ambayo Maniema inajulikana kwayo, zimo ndani ya diodi zenyewe, na kama itakavyoonekana, zimo mahali hasa panapoamua mwanga utakuwa mwingi au haba. Pili, mchimbaji ashukaye shimoni akiwa na taa ya LED kichwani tayari anaijua tabia ya mwanga huo, na elimu yake hiyo ni mlango mzuri kwa mwalimu wa fizikia.

Kiswahili si mgeni katika nchi hiyo. Kilifika katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe kwenye mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu, na mji huo ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893. Watawala walibadilika, lugha ikabaki. Ikaitwa Kingwana, ikawa lugha ya soko, ya migodi na ya ibada kati ya Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengineo. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo masomo ya chuo kikuu hutolewa kwa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi atokaye Kabambare hujifunza macho ya fizikia, yaani lenzi na vioo, kwa lugha moja, na kaka yake huzungumzia taa, shimo na dhahabu kwa lugha nyingine, na elimu hizo mbili hazikutani.

Litografia na mwaniko

Neno litografia limetokana na Kigiriki, nalo maana yake ni kuandika juu ya jiwe. Aloys Senefelder aligundua huko Bavaria mwaka 1796 namna ya kuchapa kwa kutumia jiwe la chokaa, wino wa mafuta na maji. Mitambo inayozungumzwa hapa haina jiwe hilo wala wino. Imerithi jina tu. Kisahani cha silikoni, kioo, au bamba lenye shaba hupakwa utando mwembamba unaohisi mwanga. Juu ya utando huwekwa kiolezo chenye sehemu zinazopitisha mwanga na sehemu zinazouzuia. Taa humulikwa, na mahali mwanga ulipofika utando hubadilika kikemia. Kisha kisahani huoshwa kwa dawa, sehemu moja ya utando huondoka na nyingine hubaki, na michoro ya kiolezo huonekana juu ya kisahani. Saketi zote za simu na kompyuta hupitia hatua ya namna hii, nyingine mara kumi, nyingine mara nyingi zaidi.

Tendo hilo la kuuacha utando mbele ya mwanga kwa muda uliopimwa halijapata neno moja lililokubalika. Wako wanaosema kumulika, lakini kumulika ni kazi ya taa, si hali ya kitu kinachomulikwa. Makala haya yanatumia kuanika, na jina lake mwaniko, kwa kuwa neno hilo limekwisha kubeba maana inayotakiwa. Mkulima wa Kasongo anayeanika mpunga au mihogo anajua kwamba jua la asubuhi hudai muda mrefu kuliko jua la adhuhuri, na kwamba mkeka ulio nusu kivulini haukauki sawasawa. Hayo mawili ndiyo mambo anayoyashughulikia fundi wa litografia tangu aingie kazini hadi atoke.

Kiasi cha mwanga kinachotakiwa kwa kila sentimita ya mraba huitwa dozi. Tuseme utando fulani unahitaji dozi ya milijuli 100 kwa sentimita ya mraba. Mwangaza unaofika ukiwa miliwati 20 kwa sentimita ya mraba, mwaniko utachukua sekunde 5. Nusu ya mwanga huo ikipotea njiani, utachukua sekunde 10, na karakana iliyokuwa ikianika visahani 200 kwa muda fulani itaanika 100. Kwa hiyo swali la ufanisi wa mwanga si la wanafizikia peke yao; ni swali la muda, la umeme na la bei.

Kutoka zebaki hadi diodi

Kwa miongo mingi taa ya litografia ilikuwa taa ya mvuke wa zebaki. Taa hiyo hutoa mwanga wa rangi nyingi, na ndani yake mna mistari mitatu mikali yenye urefu wa wimbi wa nanomita 436, 405 na 365. Mstari wa mwisho ni wa urujuanimno, usioonekana kwa macho. Utando huhitaji mistari hiyo tu. Mwanga mwingine wote, pamoja na joto jingi, huchujwa na kutupwa. Tena taa ya zebaki haiwashwi na kuzimwa ovyo. Huhitaji dakika kadhaa kupata moto na nyingine kupoa, kwa hiyo mafundi huiacha ikiwaka kutwa nzima na kuuzuia mwanga kwa kifuniko. Uhai wake ni kati ya saa 1000 na 2000 hivi, na mwishowe hubaki tatizo la zebaki yenyewe, ambayo wachimbaji wa dhahabu Afrika Mashariki wanaijua vizuri kama dawa ya kunasia chembe za dhahabu na ambayo madhara yake ni makubwa. Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki ulitiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017.

Diodi ni kitu tofauti kabisa. Ni punje ya nusukipitishi, mara nyingi ya misombo ya gali na nitrojeni, ambayo hutoa mwanga umeme unapopita. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua diodi ya buluu, na kwa njia hiyo hiyo zikapatikana diodi za nanomita 405, 385 na 365. Diodi huwaka papo hapo na kuzimika papo hapo, haihitaji kifuniko, na huweza kudumu zaidi ya saa 10,000. Mwanga wake ni wa ukanda mwembamba wa mawimbi, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kuchuja.

Wengi husimama hapo. Hudhani kwamba ikiwa diodi moja ni dhaifu kuliko taa ya zebaki, basi zipangwe diodi 10, na zisipotosha zipangwe 100. Dhana hiyo ni ya kawaida, na mitambo mingi ya kujitengenezea imeharibikia hapo.

Mtandazo wa mwanga

Punje ya diodi isiyofunikwa na lenzi hutoa mwanga kutoka uso wake bapa kuelekea pande zote za mbele. Mwanga ni mkali zaidi kwenda mbele moja kwa moja, nao hupungua kadiri mtu anavyohamia ubavuni. Kanuni yake ni rahisi: sehemu ya mwanga iliyomo ndani ya koni yenye nusu-pembe fulani ni mraba wa saini ya pembe hiyo. Kwa nyuzi 60 ni asilimia 75. Kwa nyuzi 30 ni asilimia 25 tu. Maana yake ni kwamba fundi akiweka mbele ya diodi lenzi ya kawaida inayopokea koni ya nyuzi 30, robo tatu ya mwanga alioulipia kwa umeme hugonga kuta za mtambo na kuwa joto.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuukamata mwanga wa ubavuni. Hapo hutumiwa kikombe cha kioo au cha plastiki safi ambacho kati yake ni lenzi na kuta zake huurudisha mwanga ndani kwa kuuakisi wote. Ni umbo lile lile linaloonekana mtu akiifungua taa ya kichwa ya siku hizi na kutazama mbele ya diodi. Tofauti ni ya malighafi: plastiki nyingi hunyonya urujuanimno na kugeuka njano baada ya muda, kwa hiyo kwenye nanomita 365 hutumiwa kioo maalumu au kwatzi.

Hata hivyo mwanga ukishakamatwa bado haujawa na faida. Mchimbaji anajua jambo hili bila kuambiwa. Taa yake ikiwa ya aina inayozungushwa mbele, akitaka kuona ukuta ulio karibu huutawanya mwanga. Akitaka kuona mwisho wa shimo huukusanya uwe mwembamba. Lakini taa ndogo haikusanyi kama taa kubwa. Kurunzi yenye kikombe kipana hupeleka mwanga mbali, na taa ya kichwa yenye kikombe kama kifuniko cha chupa haiwezi, hata ikiwa diodi zao ni sawa. Ili miali iwe karibu kuwa sambamba, sharti itoke katika uso mpana. Na ili ipite katika tundu dogo, sharti ikubali kutawanyika.

Kanuni hiyo ina jina katika fizikia, nalo ni neno la Kifaransa, étendue, ambalo hata Waingereza wamelichukua lilivyo. Kwa Kiswahili makala haya yanapendekeza mtandazo, kutokana na kutandaza. Mtandazo ni eneo ambalo mwanga unapita likizidishwa kwa ukubwa wa koni ya miali yake. Lenzi na vioo vinaweza kubadilisha eneo kuwa pembe na pembe kuwa eneo, lakini haviwezi kuupunguza mtandazo bila kuupoteza mwanga. Uongo hauingii hapo. Kila lenzi iliyotangazwa kwamba hukusanya mwanga wote wa diodi nyingi katika tundu dogo huwa imeficha hasara yake mahali fulani.

Ni vyema kuchukua hesabu moja ya kweli. Iko mitambo ya litografia isiyotumia kiolezo cha kioo. Badala yake hutumia kibamba chenye mamia ya maelfu ya vioo vidogo ambavyo kila kimoja huinamishwa kwa umeme, nyuzi 12 upande huu au ule, na hivyo mchoro hubadilishwa kwa kompyuta. Kibamba cha vioo 1024 kwa 768, kila kimoja kikiwa na nafasi ya mikromita 13.68, kina upana wa milimita 14.0 na kimo cha milimita 10.5, yaani eneo la milimita za mraba 147 hivi. Kwa kuwa vioo huinama nyuzi 12, mwanga unaoingia nao hauruhusiwi kuwa na koni yenye nusu-pembe kubwa kuliko nyuzi 12, ama sivyo mwanga wa kuwaka na wa kuzima utachanganyika. Koni hiyo ina ukubwa wa steradiani 0.136, na mtandazo wa kibamba ni takriban 20 kwa kipimo cha milimita za mraba mara steradiani. Sasa punje ya diodi hutawanya mwanga mbele kote, kwa hiyo mtandazo wake ni eneo lake mara pai. Ukigawanya 20 kwa pai unapata 6.4. Kwa hiyo kibamba hicho hakiwezi kupokea mwanga wa zaidi ya milimita za mraba 6.4 za uso wa diodi. Fundi mwenye punje 6 za milimita ya mraba moja moja amekwisha kujaza chombo. Akiongeza ya 10, ya 20, ya 100, umeme utaongezeka, joto litaongezeka, na kisahani hakitaona tofauti yoyote.

Kinachobaki ni kuchagua punje zenye mwanga mkali zaidi kwa kila milimita ya mraba badala ya punje nyingi. Kuna pia hila moja halali. Kioo chenye matabaka membamba huweza kupitisha nanomita 365 na kuakisi nanomita 405, kwa hiyo diodi za rangi mbili zinaweza kuwekwa pande mbili tofauti na mwanga wao ukafuata njia ile ile, katika mtandazo ule ule. Rangi ya tatu huweza kuongezwa vivyo hivyo. Faida itapatikana ikiwa utando unahisi rangi zote hizo. Utando uliotengenezwa kwa ajili ya nanomita 365 huweza kuwa mvivu kwenye 405, na mwanga usionyonywa na utando ni mwanga uliopotea, ingawa umefika.

Katika mitambo ya kiolezo, pembe ina hatari nyingine. Kati ya kiolezo na kisahani mara nyingi huachwa nafasi ili visikwaruzane. Nafasi ikiwa mikromita 50 na miali ikiwa imepotoka kwa nyuzi 2 kutoka wima, ukingo wa kivuli utahama mikromita 1.75. Kwa saketi za kawaida za shaba hilo si kitu. Kwa mchoro wa mikromita 2 ni maangamizi. Ndipo fundi hulazimika kuchagua, kwa kuwa akitaka michoro midogo atabana pembe, na akibana pembe atapoteza mwanga. Hakuna mtambo mmoja ulio bora kwa kazi zote, na mnunuzi anayeuliza tu idadi ya wati hajauliza swali lenyewe.

Bandu bandu

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na mwanga huisha hivyo hivyo. Kila uso wa kioo cha kawaida huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaouingia wima. Asilimia 4 ni kidogo, lakini mtambo wenye lenzi 5 una nyuso 10, na 0.96 ikizidishwa yenyewe mara 10 hubaki 0.66. Theluthi moja imekwenda bila mtu kuiona. Nyuso hizo hizo zikipakwa tabaka la kuzuia mwakisiko, na kila moja ikapoteza nusu ya asilimia moja tu, kinachobaki ni 0.95. Pengine hakuna marekebisho mengine katika mtambo mzima yenye faida kubwa kiasi hicho kwa kazi ndogo kiasi hicho, nayo husahauliwa mara nyingi.

Vioo vya kuakisi navyo vina kodi yake. Alumini huakisi takriban asilimia 90 ya urujuanimno wa nanomita 365, kwa hiyo vioo vitatu hubakiza asilimia 73. Dhahabu haifai kabisa kwa kazi hiyo. Rangi yake ya njano ni dalili kwamba hunyonya buluu na urujuanimno.

Yuko mwingine katika ukoo wa litografia anayelipa kodi kubwa zaidi, na katika habari zake bati lina cheo cha pekee. Mitambo ya kampuni ya ASML ya Veldhoven, Uholanzi, ambayo huchora saketi ndogo kuliko zote, haitumii diodi. Hudondosha matone ya bati lililoyeyuka, yapatayo 50,000 kila sekunde, na kuyapiga kwa leza hadi yageuke plazma yenye kutoa mwanga wa nanomita 13.5. Mwanga huo hunyonywa na kila kioo na hata na hewa, kwa hiyo husafirishwa ndani ya ombwe kwa vioo vya matabaka, kila kimoja kikiakisi asilimia 70 kwa wingi. Baada ya vioo 10 huwa haijabaki hata asilimia 3. Mbele ya hesabu hiyo, fundi wa diodi hana sababu ya kulalamika.

Hapa inafaa kusema neno juu ya istilahi. Kwa wasemaji wengi bati ni bati la kuezekea, ambalo kwa hakika ni chuma kilichopakwa zinki. Madini ya bati ni kitu kingine. Maniema huitwa kasiteriti yakiwa bado mawe. Mwalimu asipolitenganisha hilo mapema, mwanafunzi atadhani kwamba paa la nyumba yao hudondoshwa ndani ya mtambo wa Uholanzi. Neno mwanga lina utata wa namna yake pia, kwani pwani mwanga ni mchawi wa usiku, na watu wengi wa Kongo ya mashariki husema mwangaza. Katika makala haya mwanga ni kitu chenyewe, na mwangaza ni kiasi chake kwa kila eneo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilianza kazi ya kuyapanga maneno ya sayansi. Haikuwa na sababu wakati huo ya kuyafikia haya.

Joto, dhahabu na bati

Sehemu kubwa ya umeme unaoingia katika diodi ya urujuanimno huwa joto. Joto hilo halitoki mbele pamoja na mwanga kama katika taa ya zamani yenye waya; hubaki ndani ya punje, na njia yake ya kutokea ni mgongo wa punje. Punje ikipata joto, mwanga hupungua kwa umeme ule ule, urefu wa wimbi husogea kidogo, na uhai wa diodi hufupika. Mchimbaji amekwisha kuona taa yake ya bei rahisi ikififia ilhali betri haijaisha. Mara nyingi kisa ni punje isiyopata pa kupumulia.

Ndiyo sababu kiungo kati ya punje na bapa lililo chini yake kina uzito kuliko unene wake. Gundi huzuia joto. Lehemu hulipitisha. Katika diodi nyingi za nguvu kubwa lehemu itumikayo ni mchanganyiko wa dhahabu asilimia 80 na bati asilimia 20 kwa uzani. Dhahabu peke yake huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi 1064 na bati kwenye 232, lakini mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 280, kwa hiyo huweza kuunganishwa bila kuiunguza punje, na ukishaganda hautambai wala kulegea kwa joto la kazi ya kila siku. Nyaya nyembamba zinazopeleka umeme juu ya punje nazo mara nyingi ni za dhahabu. Nje ya diodi, kwenye bamba la saketi, lehemu ya kawaida isiyo na risasi ni bati kwa zaidi ya asilimia 95.

Dhahabu na bati hukutana hapo chini ya punje, na kusini mwa Maniema zina historia ndefu. Namoya, katika wilaya ya Kabambare, ni ncha ya kusini ya ukanda wa dhahabu unaoanzia Twangiza, Kivu ya Kusini, wenye urefu wa kilomita 210 hivi. Upande wa bati, machimbo makuu ya zamani ya Maniema ni Kalima, Kampene na Punia, kaskazini mwa Kasongo. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, na mwaka 1976 makampuni ya eneo hilo yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka Oktoba 1985, kazi ya makampuni ilidhoofika na wachimbaji wadogo wakashika nafasi. Huko Namoya, kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimamisha shughuli zake mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2021 zinazitaka kampuni zichunguze asili ya bati, tantali, volframu na dhahabu zitokazo katika maeneo ya vita. Uchunguzi huo haufanyiki kwenye diodi. Bati likishayeyushwa pamoja na bati la kwingine asili yake haitambuliki tena, kwa hiyo magunia huwekewa vitambulisho karibu na shimo, kabla ya tanuri. Mchimbaji huulizwa jina la shimo, uzani na tarehe. Haelezwi madini yanakwenda kufanya nini. Hesabu ya nyuzi 280 hapo juu ingeweza kuelezwa kwa Kingwana katika muda wa kunywa kikombe cha chai, na mtu anayejua kwamba mzigo wake ni njia ya joto la taa iliyo kichwani mwake ana maswali tofauti ya kumwuliza mnunuzi.

Umeme na kipimo

Faida ya ufanisi huonekana waziwazi mahali ambapo umeme ni wa paneli za jua na betri, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Kasongo. Chukua taa ya zebaki ya wati 350, kipimo kilichozoeleka katika maabara. Kwa kuwa huachwa ikiwaka, kwa saa 8 itakula wati-saa 2800. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 ikiwa imejaa, mbili hazitoshi. Sasa chukua mtambo wa diodi unaokula wati 60 wakati wa mwaniko tu. Mianiko 100 ya sekunde 5 ni sekunde 500, nayo ni wati-saa 8.3. Hata mwaniko ukiwa wa sekunde 20, haizidi wati-saa 34. Pampu, feni na kompyuta vitahitaji umeme wake, na kazi ya silikoni hudai chumba kisicho na vumbi ambacho ni gharama nyingine kabisa. Lakini bamba la saketi ya shaba kwa ajili ya redio au chaja ya sola halidai chumba hicho. Darasa la ufundi linaweza kulianika.

Darasa kama hilo litahitaji kwanza kipimo, kwa sababu ufanisi haupimwi kwenye taa, hupimwa mahali kisahani kinapolala. Diodi ndogo ya kupokea mwanga huwekwa hapo, na mwangaza husomwa katika sehemu tisa: katikati, pembe nne na kati ya pembe. Kiasi kikubwa kabisa hutolewa kiasi kidogo kabisa, na tofauti hugawanywa kwa jumla ya viwili hivyo. Jibu likiwa chini ya asilimia 5, mwaniko unaweza kuitwa sawasawa. Njia rahisi ya kupata usawa huo ni kutumia sehemu ya katikati ya mwanga na kuziba kingo, lakini njia hiyo hutupa mwanga mwingi. Njia bora ni kuweka njiani bamba la vilenzi vidogo vingi, kama jicho la nzi, ambapo kila kilenzi huitandaza sehemu yake ya mwanga juu ya eneo zima, hata kasoro ya punje moja ikagawanywa kwa kisahani chote. Vilenzi hivyo vina nyuso mbili, au nne vikiwa jozi, na kila uso, usipopakwa tabaka, hudai asilimia 4 zake.